Fahamu: Kwa nini metali iliyoyeyuka hula ukuta wa tanuri

Tofali likishaiva, wengi huamini limeshamalizana na moto. Kwa tanuri la kuyeyushia metali, mambo ni tofauti. Joto ni nusu ya tatizo tu. Nusu nyingine ni kile kinachougusa ukuta wake wa ndani.

Chukua alumini, ambayo fundi wa Kigoma au Ujiji anaweza kuiyeyusha kutoka kwenye chakavu ili atengeneze sufuria. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 660, kiasi ambacho mkaa unaopulizwa hewa hufikia bila shida, na tofali la udongo linalivumilia joto hilo. Tatizo ni silika, madini yaliyojaa kwenye mchanga na udongo. Alumini ina uchu wa oksijeni, hivyo huipokonya silika. Silikoni inaingia kwenye metali, na ukutani inabaki alumina, ngumu kama jiwe. Huota kama kigaga, hasa pale uso wa metali unapokutana na hewa. Fundi akikibandua kwa nyundo, kinatoka na kipande cha ukuta.

Wapo wanaokwepa udongo na kutumia chungu cha chuma. Chuma kinayeyuka kwenye nyuzi 1538, kwa hiyo kinaonekana salama kabisa. Si salama. Alumini ya moto hukimumunya polepole, kama chai inavyomumunya sukari. Chungu kinakonda kwa ndani huku nje kikiwa vilevile, hadi siku kinatoboka na metali inamwagika motoni, karibu na miguu ya fundi. Ndiyo maana wengi hupendelea vyungu vya udongo uliochanganywa na grafiti.

Kwenye chuma, mlaji mkubwa ni mavi ya chuma. Mfano mzuri uko kusini zaidi, Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 Wafipa walitoa chuma kwenye matanuri marefu yaitwayo malungu, ya kimo cha mita 3 hivi, yaliyojivutia hewa yenyewe bila mivuo. Humo chuma hakikuwa kimiminika. Kilichotiririka ni mavi yake. Oksidi ya chuma ikikutana na silika ya ukuta, vinaungana kuwa kitu kinachoyeyuka kwenye nyuzi 1200 hivi, wakati silika peke yake hustahimili zaidi ya 1700. Ukuta unageuka kuwa sehemu ya mavi. Mabomba ya udongo ya kupitishia hewa ndiyo huumia mapema, maana midomo yake iko kwenye moto mkali kuliko kwingine. Malungu yalijengwa kwa udongo wa vichuguu, na hilo halikuwa bahati tu: mchwa huchagua udongo laini unaoshikamana.

Halafu kuna maji. Unyevu uliofungiwa ukutani ukipata moto wa ghafla unageuka mvuke, unatanuka zaidi ya mara 1,000 na kupasua ukuta. Metali ikipenya kwenye ufa huo, inaanza kula kutoka ndani. Kwa Kigoma, yenye mvua kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, tanuri jipya linahitaji siku kadhaa za kukauka kivulini, kisha moto mdogo wa kuni kabla ya mkaa. Tanuri la zamani lililonyeshewa usiku linahitaji moto huohuo mdogo asubuhi.