Kinjikitile wa Ngarambe: Je, Mganga Alijiganga?

Wasikilizaji wetu, iko methali ambayo kila mtoto wa pwani huisikia kabla hajajua kusoma: mganga hajigangi. Mara nyingi tunaitumia kwa mzaha, tukimwona fundi seremala ambaye mlango wa nyumba yake hauna bawaba. Lakini methali hii ina upande mwingine ulio mzito. Mtu akisimama mbele ya watu na kuwaambia, “Fuateni njia hii, itawaokoa,” yapasa watu wamtazame kama yeye mwenyewe anaifuata, hata pale inapomletea hatari. Leo nataka tumpime kwa mizani hiyo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye kwa ajili ya maneno yake maelfu ya watu walishika silaha katika mwaka 1905, kutoka Umatumbi na Rufiji hata Ungoni, na huku kwetu Uzaramo pia.

Nasema huku kwetu kwa sababu wengi hudhani kwamba Vita vya Maji Maji vilikuwa vya watu wa kusini tu. Sivyo. Nchi iliyo nyuma ya Dar es Salaam, ambayo leo imegawanywa katika wilaya za Kisarawe na Kibaha, nayo ilitikisika. (Msikilizaji wa Pangani asishangae, nanena Pangani ya Kibaha, si ile ya mtoni upande wa Tanga.) Tena chanzo cha uchungu wenyewe kilianzia karibu nasi. Katika mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianza katika wilaya ya Dar es Salaam mashamba ya pamba ya shirika. Kila jumbe alitakiwa awe na shamba, na watu wake walazimishwe kulima humo siku 28 kwa mwaka, huku mashamba yao ya mtama na mpunga yakiachiwa nguruwe. Malipo yalipotolewa, kila mtu alipata senti 35 kwa kazi ya mwaka mzima. Wako waliokataa kuzipokea. Mimi naona kukataa kule kulikuwa na maana kuliko makelele mengi, maana mtu maskini hakatai fedha ila kwa sababu kubwa. Na aliyechelewa shambani alionja kiboko.

Katika hali hiyo, mwaka 1904, habari za Kinjikitile zilianza kuenea. Wazee waliosimulia mambo haya kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960 walisema kwamba alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akaburutwa hata kwenye kiziwa cha mto, akazama mbele ya jamaa zake. Jamaa wakalia, wakamtafuta wasimwone. Siku ya pili akatoka majini, nguo zake zikiwa kavu, akaanza kunena kama nabii. Anayetaka kusadiki na asadiki. Lililo hakika ni kwamba watu walifunga safari kwenda Ngarambe kwa makundi makubwa, Wamatumbi, Wandengereko, Wangindo na wengineo, na kila mmoja alirudi kwao na dawa: maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama.

Dawa hiyo haikutolewa bila mafundisho, na hayo ndiyo tunayotaka kuyatazama. La kwanza, kwamba watu weusi wote ni wamoja, waache kuhesabiana kabila na kulipizana visasi vya zamani. La pili, kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji, basi asiogope mtu. La tatu, kwamba vita vina miiko: asiyejizuia na wanawake, au anayepora mali, dawa haitamsaidia. La nne, ambalo watu hulisahau upesi, ni saburi. Kinjikitile aliwaambia wageni wake warudi makwao, wakiamriwa kulima pamba walime, wakiamriwa kuchukua mizigo wachukue, wanyamaze kimya, mpaka yeye mwenyewe atakapotangaza siku ya vita.

Je, aliyatenda hayo? Katika la umoja sioni kosa kwake. Pale Ngarambe Mngindo alipokewa kama Mmatumbi, na watu waliokuwa wakiogopana njiani walicheza pamoja ngoma ya likinda, ambayo kwa kweli ilikuwa mazoezi ya askari yaliyovishwa nguo ya mchezo. Kwa nchi ambayo miaka michache nyuma jirani alikuwa akimuuza jirani, hilo si jambo dogo. Kabla yake hakupata kutokea mtu katika sehemu zile aliyewaita watu wa lugha mbalimbali nao wakaitika.

Katika la saburi pia alisimama katika neno lake. Waliolivunja ni wanafunzi. Wamatumbi walichoka kungoja. Miezi ikapita, pamba ikakomaa, kiboko kikawa kile kile, na mwalimu bado anasema ngojeni. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa mashina ya kwanza ya pamba, na kitendo hicho kilikuwa sawa na kumpelekea Mjerumani barua ya vita. Siwalaumu. Mtu aliyeng'oa mche ule alikuwa akiukamua jasho lake mwenyewe. Lakini tukisema kwamba Kinjikitile aliwatupa watu vitani kabla ya wakati, tunamsingizia. Vita vilimponyoka mkononi kabla hajavitangaza.

Sasa tufike kwenye lile gumu, la risasi na maji. Hapa ndipo adui zake wanapomshika. Gavana von Götzen, katika kitabu alichochapisha mwaka 1909, aliwatia waganga hatiani kwa kuwadanganya watu wajinga. Na hata miongoni mwetu wako wasemao kwamba yule alikuwa mwongo aliyewapeleka wenzake kufa. Yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo katika mabaraza yetu huchanganywa kila siku. Kukosea si kudanganya. Mwongo ni yule ajuaye kwamba dawa yake haifai, akaigawa. Aliyekosea ni yule aliyeisadiki mwenyewe. Wote wawili huleta msiba, na aliyefiwa huenda asione tofauti. Lakini tukiuliza kama mwenendo wa mtu ulilingana na mafundisho yake, tofauti hiyo ndiyo kiini cha maneno.

Na shahidi tuliye naye ni mwisho wake. Wajerumani walimkamata, wakampeleka Mohoro, na tarehe 4 Agosti 1905 wakamnyonga pamoja na mwenziwe. Mwongo akifika hapo hutafuta mlango. Hukana, huomba radhi, huwataja wengine, husema kwamba yeye alikuwa akiuza dawa ya mvua tu. Imesimuliwa kwamba Kinjikitile alisema kumwua yeye hakutafaa kitu, kwa kuwa dawa yake imekwisha kufika Kilosa na Mahenge. Hayo si maneno ya mtu anayejikana. Tena alikufa katika siku za kwanza kabisa za vita, kabla majeshi makubwa hayajasimama mbele ya bunduki za bombom. Hakuona dawa yake ikishindwa, wala hakuona watu wakianguka kwa kumtumaini yeye.

Lakini nisiwe wakili wake kupita kiasi. Liko neno moja ambalo kifo chake hakiwezi kulifuta. Yeye aliwaambia watu waziendee risasi kwa vifua wazi, na yeye mwenyewe hakupata kuziendea. Alisadiki, naam, lakini alisadiki kwa hatari ya wengine kabla ya hatari yake. Mwalimu aambiaye watu kwamba daraja ni imara, akawa hajakanyaga ubao wake hata mmoja, amewakosea, hata ikiwa moyoni mwake ana yakini. Hapo methali yetu yamgusa. Tena kwa mtu aliyekuwa na subira ya kuwazuia watu wasianze vita kwa miezi, subira ya kuijaribu dawa ilikuwa karibu sana naye.

Walioijaribu ni wengine. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge, ambayo ilikuwa chini ya Kapteni von Hassel. Walikwenda wima mchana kweupe, kama watu waendao sokoni, maana walisadiki. Bombom zikawakata safu kwa safu. Kundi la kwanza lilipokwisha kuvunjika, kundi jingine likatokea upande wa pili, nalo likakutana na moto ule ule. Baada ya siku ile hapakuwa na mtu katika nchi ya Mahenge aliyeweza kusema kwamba hajui.

Na hapa ndipo nawaona wadanganyifu wa kweli, kama walikuwako. Kinjikitile alikuwa na wajumbe walioitwa jina la pepo wake, hongo, waliopeleka dawa mbali na Ngarambe. Walipoanza kufa watu, wako waliosema kwamba marehemu alivunja mwiko: alilala na mkewe, au alipora kuku. Tazameni jambo hili kwa makini. Mwiko ambao mwalimu aliuweka ili vita viwe na adabu, sasa umekuwa kichaka cha kujifichia mgawa dawa. Dawa haikosei kamwe. Mwenye kukosea ni maiti, naye hawezi kujibu. Kinjikitile alikosea kabla ya ushahidi. Hongo aliyeendelea kunyunyiza maji baada ya Mahenge alikuwa na ushahidi mbele ya macho yake. Makosa hayo mawili hayana uzito mmoja. Walakini wako pia hongo waliokwenda vitani pamoja na watu wao wakafa nao, na hao hatuwezi kuwaweka katika kundi moja na wale waliobaki nyuma na kibuyu mkononi.

Watu humhesabia Kinjikitile pia mambo yaliyotendwa baada yake. Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na watawa wanne karibu na Liwale tarehe 14 Agosti 1905. Siku hiyo Kinjikitile alikuwa kaburini yapata siku kumi. Kumtwika deni lile ni dhuluma. Lakini kusema kwamba halimhusu hata kidogo nako ni wepesi mno, kwa kuwa moto mkubwa una mwenye kuuwasha, hata kama wengine ndio walioupepea.

Huku Uzaramo habari ilifika kwa jina jingine. Wazaramo walikuwa tangu zamani wakipeleka maombi ya mvua kwa Kolelo, katika pango lililoko milima ya Uluguru. Mwaka 1905 ujumbe ulioenea vijijini ulisema kwamba Kolelo amekataza kuwalipa wageni kodi, kwamba itakuja gharika kuwachukua, na kwamba bunduki za askari zitatoa maji. Mganga hakuonekana, ilikuwa sauti tu, ikipita usiku kutoka nyumba hata nyumba. Sauti isiyo na mwili ni vigumu kuipima kwa mwenendo wake, na labda ndiyo sababu mimi napenda zaidi kumtazama mtu aliyekuwa na jina, uso na shingo.

Mtu huyo kwetu alikuwa Kibasila, jumbe wa Kisangire. Yeye hakuwa mganga wala hakudai kupandwa na pepo. Alikuwa jumbe, na jumbe wa Wajerumani alikuwa na njia rahisi: kuwapiga watu wake, kulima pamba, kupata sehemu yake ya malipo, na kulala salama. Kibasila aliacha njia hiyo, akawaongoza watu wake katika vita, na Wajerumani wakamnyonga. Nikiwaweka wawili hao pamoja, namwona Kinjikitile kuwa mkubwa kwa maono, na Kibasila kuwa mwenye deni dogo, kwa sababu yeye hakumwahidi mtu kwamba hatakufa.

Vita viliendelea hata mwaka 1907. Wajerumani walichoma nyumba na chakula mashambani, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Hesabu ya serikali yao ilitaja watu 75,000; wataalamu wa baadaye, na mmoja wao ni Gilbert Gwassa aliyewahoji wazee kwa lugha zao, wanakadiria 250,000 hata 300,000. Hao wazee Gwassa aliowauliza walikuwa watoto au vijana wakati wa vita, wengi wao wamefiwa na baba au ndugu. Nimesoma ushuhuda wao nikitazamia kuona laana juu ya Kinjikitile, maana wao walikuwa na haki ya kumlaani kuliko mtu mwingine yeyote. Wanasimulia safari za Ngarambe, foleni ndefu za watu, maji yaliyonyunyizwa, na amri ile ya kurudi nyumbani na kungoja.