Kioanishi na Kioo: Majina ya Kamera Mbili za Dijitali

Kamera ya kioanishi humwonyesha mpiga picha kitu chake kupitia dirisha dogo lililo kando ya lenzi, na fokasi hupatikana pale taswira mbili za kitu hicho zinapooana ndani ya dirisha. Kamera ya kioo huipokea nuru kwa lenzi yenyewe, kisha kioo kilichoinama kwa nyuzi 45 huirusha juu hadi jichoni. Ya kwanza Waingereza huiita rangefinder. Ya pili hujulikana madukani kwa herufi nne tu, DSLR. Zote mbili siku hizi hunasa picha kwa kihisi cha dijitali badala ya filamu. Anayetaka kuchagua kati yake akiufuata Uswahili wa orodha za istilahi hukutana na "kitafutamasafa" upande mmoja na "kamera akisi ya lenzi moja" upande wa pili, na hakuna jina hata moja kati ya hayo linalomwambia jicho lake litaona nini.

"Kitafutamasafa" ni kosa lililotokana na kutafsiri neno badala ya kukitazama kifaa. Neno la Kiingereza lilitokea jeshini. Mwaka 1888 Archibald Barr na William Stroud, maprofesa waliokuwa wakifundisha Leeds, waliitikia tangazo la Wizara ya Vita ya Uingereza iliyohitaji chombo cha kupimia umbali wa shabaha. Kazi ya chombo hicho ilikuwa kutoa namba, na mpiga mzinga akaitumia namba hiyo kulenga. Kamera za mwanzo za filamu ya milimita 35 zilikitumia vivyo hivyo: mpiga picha alipachika kipimio juu ya kamera, akasoma umbali, kisha akauhamishia kwenye pete ya lenzi kwa mkono. Mwaka 1932 zilitoka Leica II na Contax, ambazo ndani yake kipimio kilikuwa kimeunganishwa na lenzi. Tangu hapo mpiga picha hana haja ya kusoma namba. Huzungusha pete, mkono mdogo ulio ndani ya kamera hufuata mwendo wa lenzi, na taswira hukaa mahali pake. Kuiita kamera hiyo kwa jina la umbali ni kuipa jina la kazi aliyokwisha kupunguziwa mwenye kuitumia.

Kuna dosari kubwa zaidi. Neno "masafa" limetoka kwa Waarabu, na waandishi wa kamusi zao za zamani walilihusisha na kitenzi chenye maana ya kunusa: kiongozi wa msafara jangwani aliunusa udongo ili ajue kama bado yumo njiani na amebakiwa na mwendo gani. Ni asili tukufu, na Kiswahili kililipokea neno hilo kwa maana ya umbali. Lakini redio imekwisha kulichukua. Msikilizaji wa Dar es Salaam au Mombasa akisikia "masafa" huwaza masafa mafupi, masafa ya FM, namba inayotajwa na mtangazaji kabla ya taarifa ya habari. Kwa msikilizaji huyo "kitafutamasafa" ni kitufe cha kutafutia stesheni, na ana haki ya kudhani hivyo. Wajumbe waliolipitisha neno hilo kwenye orodha za istilahi hawakujiuliza nani analitumia na wapi, na ni vigumu kuamini kwamba mmoja wao aliwahi kuiweka kamera ya namna hiyo jichoni.

Laiti angeiweka, jina lingejileta lenyewe. Katikati ya dirisha pana doa dogo lenye umbo la mstatili, jeupe kidogo kuliko sehemu nyingine. Ndani ya doa hilo taswira ya pili imeletwa na kidirisha kingine kilicho upande wa pili wa kamera. Kwenye Leica M3 ya mwaka 1954 vidirisha hivyo vimeachana kwa milimita 68.5. Akitazamwa mtu aliyesimama mlangoni, mwimo wa mlango huonekana miwili. Pete ikizungushwa, mwimo wa pili husogea, hukaribia, kisha hulala juu ya wa kwanza, na ukungu wa doa hukatika kuwa mstari mmoja mkali. Mswahili aliyeona hivyo atasema zimeoana. Kutoka "oa" hupatikana "oana", na kutoka "oana" hupatikana "oanisha". Kwa kiambishi ki- mwanzoni na -i mwishoni, kama ilivyo katika "kiunganishi", hupatikana "kioanishi". Hakuna silabi ya mkopo, na hakuna mwambatano wa maneno mawili yanayokabana koo. Wapo wanaoshikilia kwamba kuoana ni habari ya ndoa tu na haifai maabara. Hoja hiyo haina uzito katika lugha ambamo rangi za kitenge huoana na maneno ya mtu huoana na matendo yake.

Kuhusu "kamera akisi ya lenzi moja", sifa ya "lenzi moja" ilikuwa na maana zamani, ilipokuwapo kamera ya lenzi mbili, moja ya kutazamia na nyingine ya kupigia, kama Rolleiflex iliyotoka mwaka 1929. Leo ni kumtofautisha mtu kwa kusema ana pua moja. "Akisi" nayo hufanywa na kila kitu king'aacho. Kitu kinachoitenga kamera hii ni kioo, na Kiswahili kinalo neno. Faida yake imeonekana zaidi tangu mwaka 2018, Canon na Nikon zilipotoa kamera za kihisi kikubwa zilizoondolewa kioo hicho. Aliyekwisha kusema "kamera ya kioo" huziita "kamera bila kioo" na kueleweka papo hapo. Aliyeng'ang'ania "akisi" hana budi kuitisha kikao kingine.

Majina yakiwa sahihi, uchaguzi wenyewe huwa mwepesi kueleza. Kwenye kamera ya kioo mtazamaji huona kile hasa ambacho lenzi inaona, hata ikiwa lenzi ndefu ya kupigia simba au mchezaji wa mpira, au ya kupigia mdudu aliye karibu. Lakini kioo lazima kiinuke ili nuru ifike kwenye kihisi, hivyo katika nukta ya kupiga jicho huwa gizani. Kamera ya kioanishi haifumbi: tabasamu linalonaswa huonekana likinaswa, na nje ya mistari inayoonyesha mipaka ya picha huonekana pia anayekaribia kuingia. Haina kishindo cha kioo, kwa hiyo haishtui watu msibani wala kanisani. Dosari zake nazo zinatokana na dirisha hilo hilo. Lenzi nyingi za Leica M hazikaribii kitu zaidi ya sentimita 70, mistari ya lenzi ya milimita 135 huwa midogo mno, na kifuniko kikisahauliwa kwenye lenzi dirisha halitatoa onyo lolote.

Udijitali uliisumbua zaidi kamera ya kioanishi. Kwa kuwa haina kioo cha kupishia, lenzi zake hukaa milimita 27.8 tu kutoka kwenye kihisi, ilhali za Nikon ya kioo hukaa milimita 46.5. Nuru hufika pembeni mwa kihisi ikiwa imelala mno. Filamu ilivumilia, kihisi hakikuvumilia. Epson R-D1 ya mwaka 2004, iliyokuwa ya kwanza, ilitumia kihisi kidogo. Leica M8 ya mwaka 2006 ilipunguza unene wa kichujio cha miale isiyoonekana, na suti nyeusi za nyuzi za viwandani zikatoka na rangi ya zambarau, hadi kampuni ikawagawia wateja vichujio vya kuvisha lenzi. M9 ya mwaka 2009 ndiyo iliyofikia kihisi cha ukubwa wa filamu. Bei ya Leica M mpya, bila lenzi, ni maelfu ya dola, na kwa mpiga picha za harusi hilo peke yake hutosha kumrudisha kwenye kioo.

Wingi wa kioanishi ni vioanishi. Kitenzi ni kuoanisha. Kamera kama Fujifilm X100, yenye dirisha pembeni lakini haina kifaa hicho ndani, ni kamera bila kioo na haiitwi ya kioanishi.