Oili iliyoganda kwenye injini ya gari la mtumba: kuitambua na kuisafisha kabla ya safari ya mpakani

Mfanyabiashara anayeagiza gari lililotumika kutoka Japani hutazama kwanza mambo matatu: mwaka wa kutengenezwa, bei, na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Jambo la nne haliko kwenye picha za mnada, nalo ndilo mara nyingi huamua kama gari litafika Kampala, Kigali au Lubumbashi na injini yake. Ni hali ya oili ndani ya injini. Oili iliyozeeka huwa nzito, ikageuka tope jeusi, na mwishowe hushika kwenye chuma kama lami.

Tatizo hili haliwagusi wote kwa kiasi sawa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku magari ya zaidi ya miaka 15 mwaka 2018. Tanzania hutoza kodi zaidi kwa gari dogo lililozeeka badala ya kulikataza. Kwa hiyo anayenunua gari kuukuu kupitia bandari ya Dar es Salaam, au anayenunua kwa mkono wa tatu ndani ya kanda hii, ndiye anayepaswa kuwa macho zaidi.

Tope linatoka wapi

Oili ya injini ina kazi ya kulainisha, kupoza na kubeba uchafu hadi kwenye filta. Ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, joto na hewa huiharibu. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10, kasi ya kuharibika kwa oili huongezeka karibu mara mbili. Masizi, petroli ambayo haikuungua na mvuke wa maji huingia humo humo. Viungo vya kusafishia vilivyomo kwenye oili vinapokwisha, uchafu hauelei tena bali hutuama.

Hapa ndipo bei ya soko inapowadanganya wengi. Gari lenye kilomita chache hununuliwa kwa bei ya juu, kana kwamba kilomita ndizo umri wa injini. Lakini gari lililotembea kilomita 40,000 kwa miaka 10, likipeleka watoto shule na kurudi kwenye baridi ya Japani, huenda halikupata joto la kutosha kukausha maji na petroli ndani ya oili. Gari la kilomita 120,000 zilizotembewa kwenye barabara kuu, likibadilishwa oili kwa wakati, laweza kuwa safi ndani kuliko hilo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, wanunuzi wa kanda yetu hulipia zaidi kilomita chache kuliko inavyostahili, na hawalipii kabisa historia ya oili. Japani gereji nyingi hubandika kikaratasi cha tarehe na kilomita za kubadilisha oili kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya boneti. Kikiwepo, kisomwe kabla hakijabanduliwa.

Zipo pia injini zinazojulikana kwa ugonjwa huu. Mwaka 2002 kampuni ya Toyota ilitangaza nchini Marekani kwamba itagharamia matengenezo ya injini zilizoharibiwa na tope la oili, kwa muda wa miaka 8 tangu gari linunuliwe likiwa jipya. Tangazo hilo lilihusu magari yapatayo milioni 3.3 ya Toyota na Lexus yenye injini za 1MZ-FE na 5S-FE yaliyotengenezwa kuanzia 1997 hadi 2002. Kampuni ilisema wamiliki hawakubadilisha oili inavyotakiwa. Wamiliki wengi walijibu kwa kuonyesha risiti. Shauri lao lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2007. Injini hizo mbili ndizo zilizofungwa kwenye Harrier za mwanzo za lita 3.0 na 2.2, gari ambalo bado linauzwa kwa mkono kutoka mji hadi mji. Dhamana ile ya Marekani haikumhusu mnunuzi wa huku.

Kukagua kabla ya kulipa

Ukaguzi wa gari kabla halijasafirishwa huhusu zaidi usalama wa barabarani. Haufungui injini. Ni kazi ya mnunuzi au fundi wake, na haichukui hata nusu saa.

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha kujazia oili na umulike ndani kwa tochi. Usitazame rangi ya oili, kwani yadi nyingi hubadilisha oili kabla ya mteja kufika. Tazama chuma. Rangi ya dhahabu au kahawia hafifu ni kawaida ya umri. Weusi unaopangusika kwa kidole ni tope laini. Vipande vigumu vinavyobanduka kama masizi ya sufuria ni hatari. Povu lenye rangi ya maziwa ni maji: laweza kuwa unyevu wa safari fupi tu, lakini kama maji ya rejeta nayo yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi.

Kisha washa injini. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Ikichelewa, au ikimweka gari likiwa la moto na limesimama, huenda chujio la waya lililo chini ya pampu ya oili limeanza kuziba. Kelele za tapeti ambazo haziishi injini ikipata moto huonyesha hivyo hivyo. Kwa injini ya dizeli, weusi wa oili si ushahidi wa lolote. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa.

Kusafisha: njia tatu

Kama tope ni laini, njia salama ni ya polepole. Badilisha oili na filta, weka oili nzuri ya daraja lililotajwa na mtengenezaji, kisha rudia baada ya kilomita 500, halafu 1,500, halafu 3,000. Oili mpya ina sabuni yake na italegeza uchafu kidogo kidogo, filta ikiukamata. Injini ya 5S-FE huchukua chini kidogo ya lita 4, na 1MZ-FE karibu lita 5. Piga hesabu ya mizunguko mitatu na ulinganishe na bei ya injini ya mtumba, ongeza siku ambazo gari litalala gereji. Wakati huo huo badilisha vali ndogo inayotoa moshi wa ndani ya injini. Ikiziba, tope hurudi upesi.

Njia ya pili ni dawa ya kusafishia injini, ambayo mafundi huiita flashi. Humiminwa kwenye oili ya zamani, injini inaachwa ingurume bila kutembea kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, kisha oili yote inamwagwa ikiwa ya moto na filta inabadilishwa. Inafaa kwa uchafu mdogo. Kwenye tope gumu ni kamari: vipande hubanduka kwa mkupuo, huziba chujio, na injini hunoki ikiwa na oili kamili ndani.

Wapo mafundi wanaotumia dizeli au mafuta ya taa badala ya dawa hiyo. Mafuta hayo ni mepesi mno kubeba kranki juu ya beringi zake, na yanayobaki ndani huchanganyika na oili mpya.

Tope likiwa gumu, fungua. Fundi ashushe sampo, yaani bakuli la oili la chini, na kifuniko cha tapeti juu. Vikwanguliwe na kuoshwa vikiwa nje ya gari, chujio lioshwe au libadilishwe, na gasketi ziwe mpya. Kwenye injini za VVT-i kuna pia kichujio kidogo cha vali ya oili ambacho mafundi wengi hukisahau.

Kuhusu oili yenyewe, soma herufi za API kwenye kopo. S ni ya petroli na C ni ya dizeli, na herufi ya pili ikisonga mbele kiwango ni kipya zaidi: SL ilikuja 2001, SN 2010, SP 2020. SH na za kabla yake zimekwisha kupitwa na wakati. Ukikuta kopo la SF kwa bei ya kutupa, liache.

Magari yanayotembezwa kutoka bandarini

Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, pamoja na mlima Kitonga. Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya 1,100. Kwa gari lililozoea safari fupi, hiyo ni kazi nzito kuliko zote lilizowahi kufanya, na ndiyo maana magari mengine hunoki njiani ingawa yalishuka melini yakiwaka vizuri.

Usisafishe injini kwa dawa jioni ukaondoka nayo alfajiri. Badilisha oili na filta tu, tembea kilomita chache mjini, kagua kiwango tena, ndipo uondoke. Tope gumu likionekana, ama sampo ifunguliwe palepale ama gari lipakiwe kwenye lori. Taa ya oili ikiwaka njiani, zima injini hapo hapo na pima oili. Kama haijapungua, usiwashe tena. Gharama ya kuvutwa ni ndogo kuliko ya injini.

Injini inaponoki kwenye gari la IT, anayelaumiwa kwanza ni dereva. Wasafirishaji wapige picha ya ndani ya kifuniko cha oili, kijiti cha kupimia na dashibodi injini ikiwa imewashwa, siku ya kukabidhiwa gari, na picha hizo ziambatanishwe na fomu ya makabidhiano iliyosainiwa na wakala pamoja na dereva. Mwenye gari akiwa Lubumbashi atumiwe nakala kabla gari halijatoka yadi, ili kama anataka sampo ifunguliwe aseme mapema na agharamie yeye.