Chumba cha Mgeni: Kutoka Shunemu hadi Kihambani

Wiki ya pili ya Desemba ikifika, huku kwetu Kilimanjaro utajua hata bila kalenda. Magodoro yanaanikwa juani, mashuka yanafuliwa, njia ya kuingia kihambani inafyekwa. Chumba kilichofungwa tangu Januari kinafunguliwa, buibui wanafagiliwa, mifuko ya mahindi iliyohifadhiwa humo inahamishiwa jikoni. Watoto wetu walio Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko wanarudi nyumbani kula Krismasi.

Tunaifanya kazi hii kila mwaka, na mara nyingi tunaihesabu kuwa ya mama na mabinti tu, haihusiani na imani. Katika insha hii tunataka kuonyesha kwamba chumba cha mgeni kina historia ndefu ndani ya Kanisa, na kwamba historia hiyo inatuuliza swali.

Tuanze Shunemu. Katika 2 Wafalme 4 tunasoma habari za mwanamke mwenye mali aliyemwona nabii Elisha akipita mara kwa mara. Kwanza alimpa chakula. Baadaye alishauriana na mumewe, wakamjengea chumba kidogo juu ya nyumba. Biblia inataja vitu vinne alivyoweka humo: kitanda, meza, kiti na taa. Mama huyu alifikiri kama mtu anayemjua mgeni wake. Kitanda ni kwa ajili ya mwili uliochoka, lakini meza, kiti na taa ni kwa mtu atakayekaa, asome, afikiri na kuomba. Alimwandalia nabii mahali pa kuwa nabii. Tena Elisha alipotaka kumlipa kwa kumwombea neno kwa mfalme, mama yule hakuomba kitu.

Twende Bethlehemu. Luka 2:7 inasema mtoto Yesu alilazwa horini kwa sababu hapakuwa na nafasi katika nyumba ya wageni. Katika maigizo ya shule ya Jumapili tumezoea kumwona mwenye gesti mkali akiwafukuza Yusufu na Mariamu. Luka hamtaji mtu huyo. Neno la Kigiriki alilotumia ni kataluma, na ndilo analolitumia tena katika Luka 22:11, pale Yesu anapoulizia chumba cha kula Pasaka pamoja na wanafunzi wake. Lakini katika mfano wa Msamaria Mwema, Luka 10:34, nyumba ya kulipia ambamo majeruhi alipelekwa inaitwa kwa neno jingine, pandokheion. Kwa hiyo wataalamu wengi wanaona kwamba Luka 2 inazungumza juu ya chumba cha wageni katika nyumba ya watu. Chumba hicho kilikuwa kimejaa, na mtoto akalazwa mahali wanyama wanapolia.

Wazee wetu wa Kichaga wangeielewa habari hii haraka kuliko sisi. Katika nyumba ya asili ya Mchaga, ng'ombe na mbuzi walilala ndani pamoja na familia. Moto uliwaka katikati, watu upande huu, mifugo upande ule, na majani ya migomba yaliletwa humohumo. Hori lilikuwa hatua chache kutoka kitandani. Kumlaza mtoto karibu na ng'ombe hakukuwa kumtupa nje. Ilikuwa kusema: chumba kimejaa, lakini ndani mtaingia.

Kanisa la kwanza liliishi kwa njia hiyo. Mitume na wahubiri walisafiri kwa miguu, na bila nyumba za waumini Injili isingefika mbali. Kipo kitabu kidogo cha Wakristo wa zamani kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, ambacho nakala yake ilionekana Konstantinopoli mwaka 1873. Kinaagiza kila ajaye kwa jina la Bwana apokelewe. Msafiri akae siku mbili, au tatu ikilazimu. Akitaka kukaa zaidi na ana ufundi, afanye kazi na ale. Nasi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu waliokuwa mbali nasi kwa karne nyingi walifikia hekima ileile: mgeni aheshimiwe, na mwenyeji asielemewe.

Baadaye wageni, maskini na wagonjwa walizidi uwezo wa nyumba moja moja. Basili, aliyekuwa askofu wa Kaisaria ya Kapadokia kuanzia mwaka 370 hadi 379, alijenga nje ya mji makao ya kuwapokea wasafiri, maskini na wagonjwa. Katika karne ya 6, Benedikto wa Nursia aliandika kanuni ya watawa wake. Sura ya 53 inawataka wampokee kila mgeni kama wanavyompokea Kristo. Haikuishia kwenye maneno mazuri. Iliagiza pia kwamba chumba cha wageni kisimamiwe na ndugu mcha Mungu, na humo viwemo vitanda vya kutosha vilivyokwisha kutandikwa. Kutandika kitanda kuliingia katika kanuni ya maisha ya kiroho.

Sisi Walutheri tunayo nyumba ya kuikumbuka. Martin Luther na Katharina von Bora walipooana Juni 1525, walikaa Wittenberg katika jengo lililokuwa monasteri ya Waagustino. Vyumba vya watawa vikawa vyumba vya wanafunzi, ndugu, yatima na wakimbizi. Katharina ndiye aliyeibeba nyumba ile: alilima, alifuga, alitengeneza bia, alihesabu fedha. Tauni ilipoingia mjini mwaka 1527, nyumba yao iligeuka hospitali.

Mgeni mmoja wa mwaka ule wa 1525 anatugusa zaidi. Andreas Karlstadt aliwahi kufundisha chuo kimoja na Luther, kisha wakagombana vikali juu ya picha makanisani na juu ya Meza ya Bwana. Waliandikiana maneno makali, na Karlstadt akafukuzwa Saxony. Vita vya wakulima vilipomweka katika hatari, alimwomba hifadhi Luther yuleyule. Luther alimficha nyumbani kwake kwa majuma kadhaa. Hawakupatana katika mafundisho, wala baadaye hawakuwa marafiki. Lakini alipata mahali pa kulala.

Hapa ndipo historia inapotuuliza swali, na ni haki tulijibu sisi kwanza kabla ya kuwauliza wengine.

Mwaka mmoja nyumbani kwetu tulikuwa tumekwisha kutandika chumba kwa ajili ya kaka yetu na familia yake, waliokuwa wafike mkesha wa Krismasi. Usiku wa tarehe 23 aligonga hodi baba mdogo. Tulikuwa hatujasemezana naye miaka sita kwa sababu ya mpaka wa kihamba. Alikuwa na mguu uliovimba, gari lilikuwa limemshusha barabarani, na giza lilikuwa limeingia. Tulimkaribisha, tukampa chakula, tukamtandikia kochi sebuleni. Chumba chenye kitanda na chandarua kilikuwa mita nne kutoka pale, mlango umefungwa. Tuliambiana kwamba shuka zisichafuliwe kabla wageni hawajafika.

Asubuhi aliondoka kabla ya chai. Alikuwa ameikunja blanketi vizuri na kuiweka juu ya kochi. Siku iliyofuata tulisimama madhabahuni tukahubiri Luka 2, na tukamlaumu yule mwenye gesti ambaye Luka hamtaji.

Kwa desturi ya wazee wetu, anayetaka msamaha huchukua jani la isale na kulipeleka kwa ndugu yake, na si rahisi mtu kulikataa. Mmea huohuo ndio unaopandwa mipakani. Isale lilikuwa limeota kwenye mpaka ule tuliougombea, na hatukulichuma. Baba mdogo alifariki kabla ya Pasaka. Tuliimba kaburini, na tunaamini neema ya Kristo ilimfikia hata pale sisi tuliposhindwa. Lakini kile kitanda hatuwezi tena kumtandikia.

Tangu hapo tumebadili utaratibu. Chumba kinatandikwa mapema, na anayefika kwanza akiwa na haja hulala humo. Shuka zikichafuka zinafuliwa, sabuni ipo.

Desemba hii tukifungua vyumba vyetu, tutazame na pembeni. Je, binti anayetusaidia kazi atalala wapi wageni wakijaa? Bibi atahamishwa kitanda chake ili nani apate? Je, yupo ndugu ambaye kila mtu anajua hatakuja, kwa sababu hakuna aliyemwita? Mama wa Shunemu hakungoja kuombwa. Aliona mtu anapita, akazungumza na mumewe. Nasi tuzungumze majumbani mwetu kabla mabasi hayajaanza kupanda mlima, na kama kuna simu ya kupigwa, ipigwe wiki hii.