Malkia Aliyebaki Nje ya Kanisa



Tarehe 22 Juni 1897 mji wa London ulijaa watu. Malkia Victoria alikuwa ametimiza miaka 60 katika kiti cha enzi, naye alitaka kumshukuru Mungu katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Lakini alikuwa mzee wa miaka 78, na miguu ilikuwa imemchoka. Mbele ya mlango mkubwa wa magharibi kuna ngazi yenye vidato 24. Basi gari lake la farasi lilisimamishwa chini ya ngazi, maaskofu na waimbaji wakatoka nje, na ibada ikafanywa pale pale barabarani. Malkia hakushuka garini. Hata katika jamaa yake walikuwako walioona vibaya Mungu kushukuriwa njiani.

Mwanamke huyo alitawala nchi nyingi, na hii yetu ikiwamo, lakini vidato 24 vilimshinda. Yeye aliletewa ibada nje kwa sababu alikuwa malkia. Je, mjane maskini wa mji ule ule, mwenye miguu kama yake, aliletewa na nani?

Kanisa hilo lilijengwa na Christopher Wren, baada ya moto wa 1666 kuliteketeza lile la zamani. Kazi ilianza 1675 ikachukua miaka 35 hivi. Hatusemi kwamba Wren alikusudia kumfungia mtu mlango. Siku zile asiyeweza kutembea alibebwa, au alikaa nyumbani, au alilala nje kama yule kiwete wa Matendo sura ya 3, aliyewekwa kila siku penye mlango wa hekalu ulioitwa Mzuri. Mlango ulikuwa mzuri kweli, naye alikuwa nje yake.

Tangu siku ile ya malkia ilipita miaka 125. Ndipo mwaka 2022 ulipofunguliwa mlango wa upande wa kaskazini, wenye njia ya mteremko, ambapo mwenye kiti cha magurudumu na mwenye miguu mizima huingia pamoja. Njia hiyo imejengwa kwa jiwe la Portland, aina ile ile aliyotumia Wren, hata mgeni asiyeambiwa aweza kudhani ilikuwapo tangu zamani. Upande huo ndio uliopigwa na bomu Aprili 1941, ukatengenezwa tena.

Kwa nini kazi ilichelewa hivyo? Wako wasemao, msiguse kazi ya wazee. Hatuwacheki. Jiwe la kale likivunjwa ovyo halirudi, na tumeona makanisa yaliyoharibiwa na saruji ya haraka haraka. Lakini tukumbuke wale watu wanne wa Marko sura ya 2, waliotoboa dari ili wamshushe mwenzao aliyepooza. Bwana hakuwauliza habari za dari.

Nasi tuna majengo yetu ya kale. Huko Rabai, Johannes Rebmann alifika mwaka 1846 kumsaidia Krapf, akakaa miaka 29. Macho yake yalipofifia karibu kabisa, aliondoka mwaka 1875 akiongozwa na Isaac Nyondo, kijana wa pale pale. Kwa hiyo hata mmoja wa waanzilishi wa kazi hii alihitaji mkono wa kushika. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, yasema wazi kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo.

Twalijua kanisa moja la mawe, lililojengwa na babu zetu, lenye vidato vitatu tu mlangoni. Mama mmoja aliyebatizwa humo alikuwa akibebwa na vijana kila Jumapili ya Meza ya Bwana. Sisi wenyewe tumemshika mkono wa kushoto, tukijiona tunatenda wema. Siku moja alituambia, “Wanangu, nimechoka kuinuliwa kama gunia la mahindi mbele ya watu.” Tangu hapo hakuja tena. Tuliona haya, wapendwa, maana kwa miaka mingi hatukumwuliza.

Baada ya hapo fundi aliitwa, akapima. Kila kidato kina inchi 6, yaani jumla ni futi 1 na nusu. Kwa kipimo kitumikacho sana, kila futi 1 ya kimo yataka futi 12 za mteremko. Basi zahitajika futi 18. Upande wa mwembe nafasi hiyo ipo, tena njia yaweza kuegemezwa kando bila kulitoboa jiwe hata moja la babu zetu. Wazee wa kanisa wamekubali. Mawe yameanza kuletwa, na mama yule ametuma mjukuu wake kuuliza kama kazi itakwisha kabla ya Pasaka.