Udalali wa Mtandaoni: Jina na Dhima Yake

Miongoni mwa biashara zilizozaliwa na intaneti iko moja ambayo Waingereza huiita "affiliate marketing", na ambayo kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili ingali inatangatanga bila ya jina la kudumu. Namna yake ni hii: mtu asiye na duka, wala ghala, wala bidhaa ya kwake, hupewa na muuzaji kiungo chenye alama inayomhusu yeye peke yake; hukitia kiungo hicho katika maandishi yake, au chini ya video yake, au katika kundi la WhatsApp; na kila anayekibonyeza akaishia kununua, muuzaji huitambua ile alama na kumkatia mletaji fungu katika bei. Mnunuzi aghalabu hatozwi zaidi kwa ajili hiyo, na kwa kuwa hatozwi zaidi, mara nyingi hajui kabisa kwamba yuko mtu wa tatu aliyelipwa katika mapatano aliyodhani ni ya watu wawili.

Biashara hii si changa kama wengi wanavyoidhania. Duka la muziki la CDNow huko Marekani lilianza kuwalipa wenye tovuti waliolipelekea wateja mwaka 1994, na Amazon, iliyokuwa wakati huo ikiuza vitabu, ilifungua mpango wake Julai 1996, ukawa kielelezo kilichofuatwa na wengi. Alama ya mletaji hukaa katika simu au kompyuta ya mnunuzi kwa muda uliowekwa, ambao kwa Amazon kwa kawaida ni saa 24, na kwa wauzaji wengine hufika mwezi mzima au kuupita.

Wafasiri wetu, walipotakiwa kuipa kazi hii jina, walilishika lile neno la Kiingereza kwa maana yake ya kujiunga, wakatoa "masoko ya ushirika", na "uuzaji wa washirika", na "masoko shirikishi". Sina ugomvi na juhudi zao. Walakini neno ushirika katika nchi zetu lina tarehe yake, isiyokubali kupuuzwa. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ambaye chama chake kikuu, KNCU, kiliundwa mwaka 1933, akisikia ushirika hufahamu hisa, na mkutano mkuu, na faida na hasara zinazowapata wanachama wote. Mleta wateja wa mtandaoni hana hata moja katika hayo: hana hisa, haitwi mkutanoni, kampuni ikifilisika hadaiwi, na kampuni ikitaka kumpunguzia ujira humpunguzia bila ya kumtaka shauri, kama Amazon ilivyofanya Aprili 2020 iliposhusha ujira wa samani kutoka asilimia 8 hadi asilimia 3. Kumwita huyu mshirika ni kumpa cheo asichokuwa nacho.

Jina lake tunalo tangu zamani, nalo ni dalali. Tulilipokea kutoka kwa Waarabu, katika shina lile lile lililotupa dalili, lenye maana ya kuonyesha njia. Na dalali wa asili ni mtu amwonyeshaye mnunuzi bidhaa, na muuzaji mnunuzi, akala ujira wake baina yao. Mpangaji wa Dar es Salaam anamjua dalali wa nyumba na ile kodi ya mwezi mmoja anayoidai. Mnunuzi wa Kariakoo anamjua winga, asimamaye nje ya duka lisilo lake akauza mali isiyo yake, na anaijua pia nyongeza iitwayo cha juu, ipachikwayo juu ya bei ya mwenye mali. Kwa hiyo ukisema "udalali wa mtandaoni", msikilizaji hangoji fafanuzi: papo hapo huuliza ni nani anayemlipa mtu huyu, na kwa kiasi gani. Hilo ndilo swali ambalo majina ya ushirika hulizima kabla halijaulizwa.

Wapo watakaolikataa neno kwa hoja kwamba limechafuka, na kwamba hakuna kijana atakayekubali kujiita dalali mbele ya wakwe zake. Ni kweli limechafuka. Lakini mahakama za Tanzania zina madalali wake rasmi hadi leo, na jina linalokubalika mbele ya hakimu halishindwi kukubalika ndani ya simu.

Tena neno hili huja na adabu zake. Wanazuoni wa fikihi wamelikataza jambo liitwalo najashi, yaani mtu asiyekusudia kununua kujitia mnadani akapandisha bei, au kuisifu bidhaa kwa sifa isiyokuwa nayo, ili mwingine aghurike. Mtandaoni najashi huvaa sura ya uchambuzi: simu kumi bora za mwaka, zilizopangwa na mtu ambaye hajaishika hata moja, na zilizotangulizwa kwa kadiri ya ujira wake. Huko Marekani mambo yalifika mahakamani. Mwaka 2011 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliwashtaki waendeshaji wa tovuti zilizojifanya magazeti ya habari, zenye waandishi wa kubuni waliodai kwamba wamepungua unene kwa tunda la acai. Na mwaka 2016, katika kesi ya kampuni ya LeadClick, mahakama ya rufani iliamua kwamba hata aliyekuwa akiwasimamia madalali wa namna hiyo, hali anayajua wanayoyatenda, ana dhima juu ya uongo wao. Miongozo ya Tume hiyo iliyorekebishwa mwaka 2009 inamtaka mwenye kusifu kwa malipo aseme bayana kwamba analipwa. Kenya nayo ina sheria ya mwaka 2012 ya kumlinda mlaji, inayokataza maelezo ya uongo juu ya bidhaa.

Hata hivyo, kutangaza ujira ni sehemu nyepesi ya amana. Sehemu nzito ni kuchagua kipi kitangazwe. Kitabu cha karatasi huko Amazon kimekuwa kikimpa dalali asilimia 4.5 ya bei, ilhali kozi nyingi za kielektroniki, zikiwemo zinazofundisha namna ya kutajirika, humpa nusu ya bei au zaidi. Tofauti hiyo haikuja bure: nakala ya pili ya kozi haimgharimu mtungaji wake takriban chochote, na bidhaa ambayo watu hawaitafuti wenyewe hapana budi imlipe mtu wa kuitafutia watu. Sisemi kwamba kila chenye ujira mkubwa ni kibovu. Nasema kwamba ujira mkubwa ni habari, na dalali mwenye insafu huisoma habari hiyo kabla ya kuifurahia.

Lakini kuliko ukubwa wa fungu, la kuangaliwa zaidi ni mahali linapotoka. Kampuni nyingi za kubashiri mechi humwahidi dalali sehemu ya mapato halisi ya kila mchezaji aliyemleta. Na mapato halisi, ukiivua lugha ya uhasibu, ni fedha alizopoteza mchezaji huyo baada ya kutolewa alizoshinda. Maana yake ni kwamba kijana wa Eldoret au wa Mbeya, aliyejiandikisha kwa kiungo cha mtu anayemwamini, akishinda, yule anayemwamini hapati kitu. Akipoteza karo, hupata. Na akiendelea kupoteza mwaka hata mwaka, mapato ya dalali nayo huendelea. Dalali wa nyumba, kwa ubaya wake wote, halipwi zaidi paa likivuja. Kadhalika wanaowaleta watu katika biashara ya kubadilisha fedha za kigeni mtandaoni, mara nyingi hulipwa kwa wingi wa miamala, na miamala mingi ndiyo immalizayo mwanagenzi. Hapa hakuna tangazo la ujira liwezalo kuitakasa kazi, kwa kuwa ila haimo katika kuficha, imo katika mapatano yenyewe, yanayomfanya mshauri atajirike kwa msiba wa anayeshauriwa. Kwa rai yangu ofa ya namna hii haichukuliwi, hata kampuni iwe na leseni, na hata dalali awe na dhiki. Hoja kwamba nisipoichukua mimi ataichukua mwingine haijapata kumwondolea mtu yeyote dhima ya alilolitenda kwa mkono wake.

Inayobaki ni mipaka myepesi kuieleza. Dalali aichague bidhaa kwanza, ndipo aulize ujira. Aitumie, au aseme wazi kwamba hajaitumia. Ataje kasoro zake kwa sauti ile ile anayotajia sifa. Na dawa asizitangaze kamwe ikiwa hana elimu yake.

Mintarafu ya jina, nawaomba wenzetu wa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na watunzi wa kamusi walitie "udalali wa mtandaoni" katika orodha zao. Nawe msomaji uliye na kiungo kinachokulipa, usingoje hukumu yao: andika leo juu ya kiungo chako, wala si chini ya ukurasa, kwamba hapa wewe ni dalali na unalipwa.