«Mimi ni Mtu»: Barua ya Mwaka 1976 na Swali Lake kwa Vijana wa Leo



Katika mikutano yenu ya parokia mnatuuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: maovu haya yanayozidi siku kwa siku, yaani rushwa, chuki ya kikabila, watoto wanaoponda mawe migodini badala ya kusoma, yatazuiwa na nani, na kwa njia gani? Sisi makatekista na walimu tumezoea kujibu kwa mashauri. Safari hii tumeona afadhali tujibu kwa historia ya mji wetu, kwa kuwa swali hilo lilikwisha kuulizwa hapa Lubumbashi kabla ninyi hamjazaliwa.

Turudi katika miaka ya sabini. Nchi ilikuwa ikiitwa Zaire, na jimbo letu Shaba. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa, na Kardinali Malula wa Kinshasa akalazimika kukaa Roma kwa muda. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara nyingi za wageni zitakabidhiwa kwa wananchi. Waliozipata hasa walikuwa wakubwa wa chama na jamaa zao. Wengi waliuza bidhaa zilizokuwamo, wakala fedha, wakafunga milango. Mwaka 1974 serikali ilizichukua shule za Kanisa. Mwaka 1975 bei ya shaba, iliyokuwa imepanda sana mwaka uliotangulia, ilianguka kwa zaidi ya nusu, na vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela iliyokuwa ikibeba madini yetu kwenda baharini.

Mshahara ukapoteza nguvu. Hapo neno «matabishi», lililokuwa na maana ya zawadi ndogo ya shukrani, likageuka kuwa bei ya kila haki. Watu wakawa wakitaja kwa kicheko ile «Artikle 15», sheria isiyoandikwa popote: kila mtu ajitafutie njia yake.

Mwezi Machi 1976 Mhashamu Eugène Kabanga, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Lubumbashi tangu mwaka 1967 hadi 1998, aliwaandikia waamini wake barua ya kichungaji. Aliipa jina la Kifaransa «Je suis un homme», yaani «Mimi ni mtu». Si jina la barua dhidi ya serikali, wala la mafundisho ya uchumi. Lakini ndani yake aliuliza maswali ambayo kila mama wa Katuba na kila mfanyakazi wa Kamalondo aliyafahamu. Kwa nini mgonjwa afe kwa kukosa cha kumpa mhudumu? Dawa zisizoonekana hospitalini zimefikaje sokoni? Kwa nini asiye na kazi aombwe fedha kwanza na yule anayeandika wafanyakazi? Kwa nini kila aliyepewa kipande kidogo cha madaraka akigeuze kuwa fimbo ya kumpigia mnyonge?

Tuangalie vizuri alivyoliona jambo lenyewe. Wengi walisema shida ni umaskini. Wengine walisema shida ni wakubwa wa Kinshasa. Askofu Mkuu hakukana hayo. Lakini alionyesha kwamba kiu ya fedha ilikuwa imemfanya mtu wa kawaida kuwa muuaji wa mwenzake, bila bunduki, akiwa ameketi nyuma ya meza yake. Ugonjwa ulikuwa umeingia mahali ambapo mtu anamtazama mwingine na hamwoni tena mtu, bali anaona mfuko. Ndiyo maana alianzia na neno «mtu».

Je, barua ilizuia maovu? Tuseme kweli: haikuyazuia mara moja. Lakini neno lililotamkwa halikurudi bure. Mwaka 1977 shule zilirudishwa mikononi mwa Kanisa kwa mapatano na serikali, iliyokuwa imeshindwa kuziendesha. Mwezi Novemba mwaka huo Mobutu mwenyewe alisimama mbele ya taifa akautaja «ugonjwa wa Zaire», akakiri kwamba katika nchi yake kila kitu kinauzwa na kununuliwa. Mwaka 1978 maaskofu wote kwa pamoja waliandika kudai nchi isimamishwe upya. Yale yaliyosemwa kwa kunong'ona yalikuwa sasa yamesemwa hadharani, ingawa utawala haukubadili mwenendo wake.

Laiti historia ingeishia hapo. Miaka 16 baada ya barua ile, mji wetu ulilisahau neno lake, na katika hili sisi ni mashahidi. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, awe Waziri Mkuu badala ya Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Fujo zilianza Lubumbashi, zikawaka Likasi, na mwaka 1993 zikafika Kolwezi. Watu wa Kasai, ambao babu zao waliletwa kuchimba shaba na kujenga reli, walifukuzwa nyumbani mwao. Maelfu kwa maelfu walilala miezi mingi katika vituo vya gari la moshi, wakingoja kupelekwa nchi ambayo wengi wao hawakupata kuiona. Watoto wengi na wazee walikufa hapo na njiani.

Kabla ya kuchoma nyumba, watu walianza na jina. Jirani waliitwa «bilulu», wadudu. Mtu akiisha kuitwa mdudu, kumfukuza hakuonekani tena kuwa dhambi. Kunaonekana kuwa usafi. Wapo Wakatanga waliowaficha jirani zao, nao Mungu anawajua. Na sisi? Tulikuwa vijana kama ninyi, tukisomea ualimu, tukiimba katika kwaya. Tulilisikia neno hilo njiani, na zaidi ya mara moja tulicheka pamoja na waliolitamka. Hatukuchoma nyumba ya mtu. Tulinyamaza tu. Siku tulipokuta madawati ya wenzetu yako matupu, ndipo tulipofahamu kwamba ukimya wetu ulikuwa umefanya kazi yake.

Sasa tumtaje kijana mmoja ambaye hakunyamaza. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa mlei, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, rafiki wa watoto wa mitaani. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Aliletewa fedha ili aruhusu mchele ulioharibika upite, akakataa, kwa sababu watu wangeula. Mwezi Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Papa Fransisko aliwapa vijana wa Kongo mfano wake huko Kinshasa mwezi Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri huko Roma. Nyuma ya gunia la mchele aliona watu. Barua ya 1976 haikuomba zaidi ya hapo.

Mtasema: maovu ya leo ni ya dunia nzima, nasi ni wadogo. Ni kweli kwamba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka katika ardhi yetu, na faida yake kubwa haibaki Ruashi wala Kolwezi. Sheria za haki zinahitajika, huko na huku, na tuzidai. Lakini sheria hutekelezwa na watu: mkaguzi wa gunia, mwalimu wa darasa, karani wa meza. Kesho watu hao ni ninyi. Kwa hiyo tunaona njia tatu zilizo karibu nanyi. Kwanza, likatalieni kila jina la kumdharau mtu, hata likisemwa kwa mzaha. Pili, msinunue haki yenu, iwe ni cheti, alama au kazi. Na anayekataa asiachwe peke yake, kikundi chake kisimame naye. Tatu, ulizeni kwa sauti, kama Askofu Mkuu alivyouliza: dawa hizi zimefikaje sokoni?

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Leo, katika mtaa wetu, ni nani wanaoitwa kwa jina lisilo la mtu?
2. Mara ya mwisho tulipotoa au kupokea matabishi, ni nani aliyeumia ambaye hatukumwona?
3. Wazazi wetu walifanya nini katika miaka ya 1992 na 1993? Twendeni tukawaulize kwa heshima, tusikilize mpaka mwisho.